Kinyozi na Mikono Isiyo na Kichwa

Basi lilinishusha saa tano asubuhi mbele ya posta iliyopakwa rangi nusu, likaondoka mbio kama lililofurahi kunipunguza. Sikuwa nimepanga kushuka hapo. Nilikuwa na siku mbili za safari nyuma yangu na nyingine mbili mbele, lakini pasi yangu ilikosa muhuri mmoja, na muhuri huo, nikaambiwa, hugongwa katika mji huu tu. Karani wa uhamiaji aliipokea pasi kupitia tundu la dirisha, akaifunua kurasa zote kama anayetafuta picha, kisha akasema mwenye muhuri hayupo, nirudi kesho. Nilipouliza kesho saa ngapi, alinitazama kwa huruma.

"Kesho ni ndefu, kaka," akasema.

Miaka ya kutangatanga imenifunza jambo moja: mgeni asiye na shughuli akisimama kibarazani ni mshukiwa, ila akiketi kwenye kiti cha kinyozi ni mteja. Nikatafuta kinyozi.

Nilimpata nyuma ya kituo cha mabasi, katika chumba kilichogawanywa na ukuta wa mbao usiofika darini. Upande mmoja kulikuwa na cherehani, upande wa pili kiti cha kunyolea cha kukanyaga pedali, chenye mkono mmoja uliofungwa kwa utepe mweusi wa umeme. Kioo kikubwa kilijaza ukuta mzima wa mbele. Juu ya meza yake palikuwa na mashine ya kunyolea, kopo la poda, brashi, na chupa ya spiriti iliyofungiwa simu kwa mpira, ikiwa imesimama wima kama picha ya marehemu. Kwenye simu kulikuwa na mikono miwili inayocheza na sarafu juu ya kitambaa cha kijani. Sauti ilikuwa imezimwa.

Kinyozi mwenyewe alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mabega yameinama kidogo kama ya yeyote anayefanya kazi juu ya vichwa vya wenzake. Alinifunga shuka shingoni, akakanyaga pedali mara nne nikapanda.

"Taratibu," akasema, ingawa sikuwa nimefanya lolote.

Nikaja kugundua kwamba ndilo jina lake mjini. Huwaambia hivyo wateja wote, watoto na wazee, hata mashine ikikwama kwenye nywele huiambia hivyo hivyo. Wenye kumwita kwa jina alilopewa na mama yake hawazidi watatu, na mmoja wao ni mama yake.

Alinyoa vizuri. Alipomaliza, badala ya kuniletea kile kioo kidogo cha kuonyesha kisogo, alinyoosha mikono yake miwili juu ya kichwa changu nikaiona kwenye kioo kikubwa. Katika vidole vya mkono wa kushoto kulikuwa na sarafu ya zamani, pana, ya aina iliyoondolewa sokoni miaka mingi, uso wa aliyechorwa umelika akabaki pua tu. Mkono wa kulia ukaja ukaichukua, ukafumba. Ukafumbuka. Mtupu. Nikageuza macho huku na huku ndani ya kile kioo. Sikuona kitu ila uso wangu ulioshangaa, tena ukiwa na nywele chache kuliko nilivyozoea.

"Iko mkono wa kushoto," ikasema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa fundi wa upande wa pili, mama mnene wa makamo, mkanda wa kupimia umening'inia shingoni na pini tano zimekaa mdomoni bila kumzuia kusema. Wanamwita Mama Vifungo. Hakuwa ametazama kioo. Alikuwa amesimama ubavuni, na kutoka ubavuni, kumbe, kila kitu kilikuwa hadharani kama nguo kwenye kamba.

Taratibu akafumbua mkono wa kushoto. Sarafu ilikuwemo.

Hivyo ndivyo nilivyoyajua mashaka yake, kwa sababu Mama Vifungo si mtu wa kumficha mwenzake mashaka yake. Aliniambia yote palepale huku kinyozi mwenyewe akikung'uta shuka kana kwamba anasemwa mtu mwingine.

Taratibu alikuwa na binti wa miaka minane, akiishi na mama yake na baba wa kambo katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi. Baba yake humwita Hakimu, kwa kuwa tangu aanze kusema amekuwa mtu wa kudai ushahidi. Miaka miwili iliyopita kinyozi aliona kwenye simu ya mteja video ya kufundisha viinimacho vya sarafu, akafikiri hicho ndicho kitu cha kumtumia binti yake, kwa kuwa maneno ya simuni yalikuwa yamewaishia: umekula, umesoma, haya lala. Akajifunza. Akajirekodi mbele ya kioo, akatuma. Mwanzo mtoto alifurahi. Kisha akaanza kuuliza maswali.

Katikati ya hayo, mara tatu Taratibu aliahidi kwenda, na mara tatu hakwenda. Mara ya kwanza aliugua. Ya pili basi lilijaa. Ya tatu hakuna aliyenieleza sababu; Mama Vifungo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia, akahesabu pini zake.

Wiki mbili kabla sijafika, mtoto alikuwa amempigia kwa simu ya mama yake akamwambia kwa utulivu, bila kulia, kwamba shuleni wamewaeleza jinsi video zinavyokatwa na kuungwa. Sarafu haipotei, wanakata video. Kisha akaongeza sentensi ambayo kinyozi aliirudia mbele yangu huku akikaza kifuniko cha spiriti kilichokwisha kukazwa.

"Akaniambia, baba, wewe upo kwenye simu tu."

Kwa hiyo alikuwa ameahidi mara ya nne. Jumamosi Hakimu anatimiza miaka tisa. Baba yake atafika kwa miguu yake mwenyewe, atafanya kiinimacho mbele yake, wakiwa wameketi magoti yakigusana, pasipo kioo wala simu. Mtoto amekubali kwa sharti moja: akiiona sarafu, basi na zile video zote zilikuwa za uongo, na baba asimtumie tena.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Basi lake lilikuwa la Ijumaa alfajiri.

Kesho yake mwenye muhuri hakuwapo. Nikarudi kwa kinyozi, nikapewa benchi la wanaosubiri, nikawa mtu wa pale. Nilimtazama akifanya mazoezi kati ya mteja na mteja, na nikaelewa kosa lake, ambalo nadhani ni kosa la kinyozi peke yake. Kwa kioo alikuwa bingwa. Mteja anapoketi hana uhuru. Shuka limemfunga, shingo imenyooka, na anachokiona ni kile tu ambacho kioo kimekubali kumwonyesha. Kwa miaka miwili Taratibu alikuwa amejifunza kudanganya kioo. Akimgeukia mtu uso kwa uso, mikono yake ilifanya yote sawasawa, ila macho yake yalikimbilia kioo kuhakikisha, kisha yakashuka kwenye mkono wenye sarafu kama mama anayechungulia mtoto aliyelala. Hapo hata kipofu angejua iko wapi.

Mbinu zake alikuwa amezipa majina mwenyewe, kwa kuwa ya mwalimu wa video hakuyaelewa. Kubana sarafu katikati ya kiganja kwa nyama ya kidole gumba aliita "kubeba mwana." Kuitelezesha nyuma ya vidole, "kupitia uani." Na ile ya kujifanya unaihamisha kutoka mkono huu hadi ule, kumbe imebaki ilipokuwa, aliita "ahadi."

"Mtu anaona umempa," akanieleza, "na wewe hujampa."

"Hiyo ndiyo anayoijua kuliko zote," akasema Mama Vifungo kutoka ng'ambo ya mbao, bila kusimamisha cherehani.

Nikamwuliza kwa nini hakuelewa majina ya mwalimu. Akasema lugha yenyewe haijui, na hata angeijua, sauti huizima kwa sababu ya mteja na redio. Nikamwomba aifungulie. Ilikuwa lugha niliyoiokoteza zamani nikiosha vyombo katika hoteli moja ya bandarini, lugha ambayo mpaka leo naweza kutukania vizuri kuliko kuombea maji. Lakini niliifuata. Nilipomwambia naielewa, Taratibu alizima mashine ya kunyolea mteja akiwa nusu kichwa, akaja na simu na chupa yake ya spiriti, akaketi karibu nami kama mwanafunzi wa chuo.

Alianza na ile video ya ahadi, aliyoitazama, kwa kukadiria kwake, mara mia nne. Akaisimamisha mahali ambapo mkono wa kulia unafumba.

"Hapa. Hapa anasema neno refu. Siku zote nimejua ndiyo siri yenyewe. Anasema nini?"

Nikasikiliza mara mbili ili nisimkosee.

"Anasema jirani yake amenunua mbwa, na mbwa hapendi mvua."

Taratibu akanitazama. Akairudisha nyuma. Nikamtafsiria tena: mbwa, mvua, kisha swali, je, wewe una mbwa? Akaenda kwenye video ya kupitia uani. Pale palikuwa na shangazi aliyepoteza miwani. Kwenye ya kubeba mwana, mwalimu alikuwa akilalamikia kiatu kinachombana. Kinyozi akakunja uso.

"Miaka miwili namheshimu huyu mtu. Kumbe anapiga soga."

Mteja wa nusu kichwa akacheka chini ya shuka. Mama Vifungo alikuja kusikiliza na kipande cha suruali mkononi. Nikaendelea kusikiliza, kwa sababu baada ya soga ya kiatu mwalimu alishusha sauti kidogo akasema jambo jingine, nikalitafsiri neno kwa neno: watu hutazama unapotazama wewe. Ukitazama mkono wenye sarafu umeshawaonyesha. Tazama mkono mtupu, au mtazame mtu machoni na umwulize kitu. Anayejibu swali huinua uso.

Taratibu akainyanyua simu akaisogeza karibu na pua. Mikono ilikuwa ikiendelea juu ya kitambaa cha kijani. Mikono tu. Katika video zote hizo, mwalimu hakuonekana kuanzia viwiko kwenda juu.

"Hana kichwa," akasema polepole. "Nimejifunza kwa mikono isiyo na kichwa. Ningejuaje anatazama wapi?"

"Na wewe kichwa unacho, ila umekinyoa," akasema Mama Vifungo, akarudi kwenye cherehani yake.

Nilidhani kuanzia hapo mambo yatanyooka. Hayakunyooka. Jumatano alifunika kioo kwa shuka la kunyolea ili macho yake yasikikimbilie, akaanza kuwajaribu wateja uso kwa uso kabla ya kuwanyoa, huku akiwamwagia maswali. Maswali yakawa mengi kuliko mikono. Sarafu ikaanguka kwenye kola ya dereva wa lori, ikashuka mgongoni, na dereva ikabidi atoe shati. Mwalimu mstaafu mmoja, mteja wa miaka mingi, alikataa kabisa kuketi mbele ya shuka.

"Kunyolewa bila kioo," akasema akichukua kofia yake, "ni kutia sahihi karatasi usiyoisoma."

Jioni Taratibu aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, kikiwa chini kabisa. Alisema labda ampigie Hakimu, amwambie asogeze hadi mwezi ujao, atakuwa ameiva. Alikuwa ameshaishika simu. Mama Vifungo hakumgombeza. Alisimama mlangoni akamwuliza tu, mtoto anapoletwa kunyolewa kwa mara ya kwanza, anaogopa ile mashine, yeye humfanyaje asishtuke?

"Namwuliza kitu kabla sijaiwasha."

"Maswali mangapi?"

"Moja." Akafikiri. "Lazima liwe la kitu anachokitaka kukisema. Na simwulizi mashine ikiwa tayari kichwani, maana akijibu kichwa kinasogea. Kabla kidogo."

"Basi," akasema Mama Vifungo.

Taratibu aliikodolea macho simu muda mrefu kidogo, kisha akairudisha kwenye chupa yake.

Alhamisi asubuhi dirisha la uhamiaji lilikuwa wazi, na mwenye muhuri alikuwapo. Muhuri ndio haukuwapo, umekwenda kutengenezwa. Karani alinieleza habari hiyo kwa fahari, kama anayekiri kwamba kuna maendeleo. Nikarudi kwenye benchi langu.

Mchana hapakuwa na wateja. Mama Vifungo alikuwa akipunguza suruali ya safari ya Taratibu, miguu yote miwili imekuwa mirefu tangu ainunue, mdomo umejaa pini. Kinyozi akaingia upande wake, jambo alilolifanya kwa nadra, akavuta kigoda akaketi mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Akatoa sarafu. Mimi nilisimama penye ukuta wa mbao, ubavuni, pale pale anaposimama mama yule siku zote.

Mkono wa kushoto ukaonyesha sarafu. Mkono wa kulia ukaanza safari.

"Hivi ile zipu ya mke wa mchungaji uliibandika juu chini, au ni maneno ya watu?"

Mama Vifungo akainua uso. Pini zilimzuia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ilimbidi azitoe moja moja, zote tano, na kila moja aliyoitoa ilimwongezea hasira. Alisema zipu ile ilikuwa sawa kabisa, mke wa mchungaji ndiye aliyevaa gauni nyuma mbele, na aliyeeneza hayo anajulikana na nyumba yake inajulikana. Taratibu alimsikiliza akimtazama machoni, kwa upole, kama anayesubiri spiriti ikauke. Kisha akafumbua mkono wa kulia. Mtupu.

Mama Vifungo akaziweka pini juu ya cherehani. Akaukamata mkono wa kushoto kabla haujasogea, akaufumbua kidole kwa kidole. Mtupu. Akaugeuza. Akakagua mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, kwa ustadi wa mtu ajuaye kila mshono unapoweza kuficha kitu. Akanigeukia mimi.

"Wewe umeona?"

Nikakiri sikuona. Nilikuwa namsikiliza habari za gauni.

Alirudi kazini akinung'unika. Nusu saa baadaye alifungua mkebe wake wa vifungo kutafuta cheusi cha suruali, tukasikia cherehani imesimama. Sarafu ilikuwa juu ya vifungo, pua ya yule aliyelika ikitazama dari. Mama Vifungo akaiokota. Aliipitisha juu ya ukuta wa mbao bila kuonyesha uso, na mkono wa kinyozi ukaipokea upande wa pili.

Ijumaa alfajiri tulimsindikiza kituoni. Ni hatua hamsini tu, lakini Mama Vifungo alivaa viatu vya kufunga. Taratibu alikuwa amenyolewa, na nikamwuliza nani aliyemnyoa; akasema ni yeye mwenyewe, kwa vioo viwili, na kisogoni kweli palikuwa na kipande kilichosahaulika cha ukubwa wa shilingi. Hakuna aliyemwambia. Begi lake lilikuwa dogo. Alitutania kidogo, akaniachia ufunguo wa duka ili nipate pa kukaa nikingoja muhuri, akanikataza kugusa mashine.

Utingo alipoanza kugonga ubavu wa basi, Taratibu alitoa simu mfukoni, akampa Mama Vifungo.

"Na hii?" mama akauliza.

"Nikiwa nayo nitapata sababu. Kilomita ya kwanza nitampigia nimwambie gari limeharibika."

"Na likiharibika kweli?"

"Nitatembea."

Akapanda. Akapata kiti cha dirishani upande wetu, akatuonyesha viganja vyote viwili kwenye kioo, vitupu, halafu basi likageuka kona ya posta tukabaki na moshi wake.

Tulikuwa hatujafika dukani simu ilipolia kwenye kanga ya Mama Vifungo. Kwenye kioo chake palikuwa na neno moja, Hakimu. Mama akainyoosha mbali na macho, akanitazama, kisha akapokea. Sauti ya mtoto ilisikika mpaka nilipokuwa: alikuwa akimtaka baba yake.

"Hayupo kwenye simu, mwanangu," akasema Mama Vifungo. "Yuko ndani ya basi. Mimi ni fundi wa jirani."

Upande wa pili ushahidi ukaanza kupimwa. Mtoto akauliza kama amemwona akipanda kwa macho yake. Amemwona. Basi limeondoka, au limesimama? Limeondoka. Na sarafu, ameibeba?

Mama Vifungo akasimama katikati ya barabara. Mwendesha baiskeli akampigia kengele, akampita.

"Nilimwona akiitia mfuko wa kulia," akasema. "Kwa hiyo usinihesabu mimi kuwa shahidi, mama. Kama mimi niliiona ikiingia, basi haiko huko."

Alirudi kwenye cherehani yake na simu ikiwa bado sikioni, sasa akimsimulia mtoto kisa cha zipu na kudaiwa ushahidi. Mimi nikafungua duka la kinyozi, nikaliondoa shuka kwenye kioo, nikaketi kwenye kile kiti kungoja saa tatu, dirisha la uhamiaji lifunguliwe.